Bati la Upande wa Tanuru

Kila mwaka nilipofika kwenye somo la uchafuzi wa hewa, nilichora ubaoni picha ileile. Kushoto mnara wa kiwanda, moshi unapanda. Katikati wingu. Kulia msitu ambao miti yake haina majani. Juu ya mnara niliandika neno moja, "Ulaya". Picha hiyo niliinakili kutoka kitabu cha zamani cha shule yetu pale Mikumi, na sikuona sababu ya kuibadilisha. Niliwaeleza watoto wa darasa la sita kwamba makaa ya mawe na mafuta yakiungua hutoa gesi, gesi hiyo hukutana na unyevu huko angani, na maji yanayoshuka huwa na asidi. Samaki hufa ziwani, miti hukauka, chuma huliwa na kutu kabla ya siku zake. Dawa ni kupunguza moshi kulekule unakotoka, kwa sababu ukishapanda hakuna wa kuurudisha.

"Mwalimu, na sisi je?" aliuliza msichana mmoja wa dawati la mbele, mwaka huo ninaotaka kuusimulia. "Mvua yetu ina asidi?"

"Sisi hatuna viwanda vingi," nilimjibu. "Mvua yetu ni safi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, cheti cha ualimu, nyumba ya bati na mtoto mmoja. Nilikuwa pia na tabia, ambayo mpaka leo haijaniisha, ya kujibu kabla sijafikiri.

Nyumba yenyewe ilikuwa matunda ya enzi za ruksa, serikali ilipoanza kuruhusu biashara huria. Mume wangu alikuwa fundi wa reli Kilosa, kama baba yake kabla yake, na wala hakuwahi kufikiri kwamba angefanya kazi nyingine. Wafanyakazi walipoanza kupunguzwa, jina lake lilikuwamo. Akaja Mikumi nilikokuwa nafundisha, akakaa wiki mbili kwenye kiti cha mbele ya nyumba ya kupanga, anatazama barabara. Barabara ilikuwa imebadilika. Malori ya watu binafsi yalikuwa yanapanda kwenda Iringa na kuvuka mpaka, mabasi mapya kila mwezi, na magari yaliyotumika yalikuwa yanaingia nchini kwa wingi, kila moja na betri iliyochoka. Siku ya kumi na tano alisimama, akaniambia, "Mama, nimeona kazi."

Akawa fundi betri. Alianza na kibanda cha mbao nyuma ya kiwanja tulichonunua. Alichaji betri za malori, alibadilisha seli, na betri zilizokufa kabisa alizivunja, akatoa sahani za ndani, akaziyeyusha kupata madini ya risasi, akayamimina kwenye mchanga kutengeneza vichwa vipya vya betri. Kwa kazi hiyo alijenga tanuru la matofali, hatua kama kumi na tano kutoka ukuta wetu wa nyuma. Mimi nilikuwa na fahari naye kupita kiasi. Wenzake wengi wa reli walikuwa bado wameshika tama wakisubiri kuitwa tena kazini, na wangu alikuwa na foleni ya madereva.

Baada ya mwaka tuliiezeka nyumba kwa bati. Bati jipya likipigwa jua la Mikumi lilikuwa linawaumiza macho wapita njia, nami nilifurahi liwaumize. Tukaweka gata za kukinga mvua pande zote mbili, na tangi la plastiki pembeni, kwa sababu maji ya kisima yalikuwa mazito, sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Tangi nililitia kufuli. Jirani akija na ndoo nilimwambia maji yamepungua. Maji ya mvua yalikuwa ya mwanangu, ya uji wake na ya kunywa, na sikutaka mtu ayaguse.

Kisha vitu vikaanza kuharibika. Waya wa kuanikia nguo ulikatika, tukafunga mwingine, nao ukakatika. Mpapai ulioota nyuma ya nyumba ulikuwa na majani yaliyoungua pembeni, kama mtu kayapitishia kiberiti. Shuka langu zuri la kitanda lilitoboka vitundu vidogo vidogo likiwa bado jipya. Na bati la nyuma, ambalo halikuwa limemaliza miaka miwili, likashika kutu nyekundu kutoka ukingoni kwenda juu, wakati la mbele bado linang'aa.

"Bati za siku hizi," nilimwambia mume wangu. "Wanatuletea nyembamba kama karatasi."

"Na waya pia," alisema. "Zamani waya ulikuwa waya."

Miaka ile hakuna kilichoharibika ambacho hatukuweza kukisingizia biashara huria. Waya ulikuwa wa nje, shuka la bei rahisi, sabuni ya unga haijulikani imechanganywa nini. Kila mtu alikuwa na kisa chake cha bidhaa mbovu, na tulivisimuliana kwa raha. Mimi, mwalimu wa sayansi, sikujiuliza swali ambalo ningemchapia mwanafunzi asipojiuliza: bati za mbele na za nyuma zilitoka bando moja, mbona zimepishana hivi?

Mwanangu alikuwa anakaribia miaka mitatu. Alipotimiza miwili alikuwa na maneno mengi, anahesabu vidole vyangu mpaka tano, anamwita kuku kwa sauti ya babu yake. Halafu maneno yakaanza kupungua. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu ambaye hajaliona. Mtoto hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikuwa anarudi nyuma. Tano ikapotea, ikabaki tatu, kisha akawa anavishika vidole vyangu na kuvitazama tu. Tumbo lilimsokota, choo kilikuwa kigumu, alikataa chakula, alilia kwa hasira na kujitupa chini. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Zahanati walitibu malaria, wakatibu minyoo, wakampa dawa ya kuongeza damu. Nilimnywesha yote, kila kidonge nikikisaga na kukichanganya na maji ya tangi langu.

Niliogopa. Niliogopa kila asubuhi kabla sijamfunua shuka. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa chumba na kumwita kwanza, nisikie kama ataitika.

Mahali pekee alipochangamka ni Ruhembe kwa wazazi wangu. Babu yangu aliletwa Kilosa zamani kwa kazi ya mkonge, na baba yangu akaishia kwenye miwa, akiwa na shamba lake mwenyewe ambalo miwa yake ilikwenda kiwandani. Tukimpeleka mtoto kule wiki mbili za likizo, alirudi akiwa na mashavu na neno moja au mawili ya ziada. Mama alisema ni uji wa karanga. Mimi nilisema ni kudekezwa. Hakuna aliyesema ni kuwa mbali na nyumba yangu.

Kisha ukaja msimu wa kuchoma miwa. Aliyeishi karibu na mashamba hayo anajua moto huo. Shamba linawashwa, unasikia linavyotatarika, moshi unapanda mweusi, na baada ya muda majivu yanaanza kushuka juu ya kila kitu, marefu na mepesi. Yanaingia kwenye sufuria, kwenye nywele, kwenye daftari. Nililelewa chini ya majivu hayo na sikuwahi kuyafikiria. Lakini mchana mmoja, nikiwa nasahihisha madaftari, nikaikuta picha yangu ya mnara imechorwa mara arobaini, na swali la yule msichana likanirudia. Sisi hatuna viwanda vingi. Tuna moshi lakini. Nikaweka kalamu chini. Nilihisi nimempata adui, na nilikuwa nimemtafuta muda mrefu kiasi kwamba sikutaka kumkagua.

Jumamosi nilipanda pikapu mpaka Ruhembe, peke yangu. Baba alikuwa amekaa nje ananoa panga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mwalimu." Tangu nipate cheti hakuwahi kuniita jina jingine, lilikuwa utani wake na fahari yake. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Nimemwacha. Hatakuja tena huku mpaka mwache kuchoma."

Akaacha kunoa. Nikamweleza yote kwa mpigo: moshi, gesi, mawingu, mvua ya asidi, damu ya mtoto, maneno yanayopotea. Nilisema moshi wenu. Nilisema mnamla mwanangu na hamjui. Mama alitoka jikoni na kikombe cha chai, akasimama nacho mkononi.

"Shamba lisipochomwa nani ataingia kukata?" baba aliuliza taratibu. "Humo mna nyoka, na majani yanachana kama wembe. Hiyo ndiyo kazi ilivyo."

"Basi kazi yenu ni mbaya."

Alilaza panga miguuni pake. Nilijua nimemwumiza, na kwa dakika ile sikujali.

"Umepima?" akasema.

"Nini?"

"Hayo maji yenye asidi. Wewe si ndiye unayewafundisha watoto wa watu wapime kwanza? Kapime, Mwalimu. Ukishapima nitakusikiliza, na kama ni sisi, nitasimama mbele ya wakulima wenzangu niseme."

Niliondoka bila kunywa chai. Mama hakunisindikiza.

Nilikaa na mtoto Mikumi kiangazi chote kilichobaki. Miezi hiyo naihesabu mpaka leo. Kila siku ambayo angekuwa Ruhembe anafukuza kuku, alikuwa nyuma ya nyumba yetu akicheza kwenye vumbi, na upepo wa mchana ukileta moshi wa baba yake. Mimi nilikuwa nimemlinda.

Karatasi za litmasi za kupimia asidi zilikwisha zamani shuleni, lakini chuoni tulifundishwa njia ya maskini. Unachuma maua mekundu ya haibiskasi, yale yaliyopandwa uzio wa shule, unayachemsha mpaka maji yawe ya zambarau. Ukidondoshea limau, yanakuwa mekundu. Ukidondoshea maji ya majivu, yanakuwa ya kijani. Ukidondoshea maji ambayo hayana upande, yanabaki yalivyo. Nikawapa watoto wa darasa la sita kazi ya kuchuma maua, nikatayarisha chupa yangu, nikasubiri mvua. Nikatuma salamu Ruhembe kwamba ikinyesha, nataka maji ya bati la baba.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya kwetu. Wanaoishi chini ya majivu ya miwa hawakingi mvua za kwanza. Wanachomoa bomba la gata, wanaacha mvua mbili au tatu zioshe bati, na maji meusi yanakwenda zake. Nimekua nikiona baba akichomoa bomba hilo kila mwaka. Lakini bati letu la Mikumi lilikuwa halina jivu hata punje. Kutu ilikuwapo, lakini kutu ni kutu. Kumwaga maji baada ya miezi mitano ya ukame, na kisima kile cha maji mazito, niliona ni ushamba. Ilipoanza kutona, nilikimbia kuhakikisha bomba limekaa vizuri tangini. Nikasimama kibarazani namshukuru Mungu, nikisikia tangi linajaa. Jioni hiyo mwanangu alikunywa vikombe viwili.

Siku ya tatu alianza kutapika. Ya nne alilala mkekani na hakutaka kuguswa tumbo.

Jumapili baba akafika mwenyewe. Hakutuma mtu. Alishuka kwenye pikapu na kikapu chenye chupa mbili na vipande vya muwa wa mjukuu. Mume wangu alikuwa nyumbani; Jumapili hakuwasha tanuru. Akainuka, akasema, "Shikamoo mzee," akampa kiti. Baba akaitikia, akamtazama mtoto pale mkekani.

"Leta vyombo vyako," aliniambia.

Nikapanga bilauri nne juu ya meza ya kibarazani na kutia katika kila moja kiasi sawa cha maji yangu ya zambarau. Baba akaeleza chupa zake: moja ilikuwa ya mvua ya kwanza, nyeusi, ile ambayo kwao hata mbwa hapewi, ya pili ilikuwa ya mvua ya juzi, bati likiwa limeshaoshwa. Mimi nilikuwa na maji ya bati la shule, na maji ya tangi langu.

Nilianza na ile nyeusi. Nilitaka iwe nyekundu. Lazima niliseme hili kama lilivyokuwa: nilitaka baba yangu awe na hatia, kwa sababu akiwa nayo yeye, kazi yangu ilikuwa nyepesi. Ningemweka mtoto mbali naye na mtoto angepona.

Nikamimina. Maji yakageuka kijani, kijani chafu kama ya bwawa.

Nikajua palepale, hata kabla sijakubali. Majivu. Nimewafundisha watoto mara ngapi kwamba majivu yako upande wa pili wa asidi? Bibi zetu walichemsha mboga ngumu kwa magadi ya majivu. Moshi ule wa miwa una ubaya wake kifuani, simtetei mtu, lakini maji yale hayakuwa na asidi ninayoitafuta.

"Kijani ni nini?" aliuliza baba.

"Siyo asidi."

Akanisogezea chupa yake nyingine. Nikamimina chupa ya pili. Zambarau, haikubadilika. Maji ya shule, zambarau vilevile. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu anatafuna kipande cha muwa. "Basi hakuna asidi Mikumi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumua. Nilisikia akicheka kidogo.

Ikabaki ya tangi letu. Nilikuwa nimeyateka asubuhi kutoka bomba lenye kufuli. Nikayamimina, na rangi ikabadilika wakati bado namimina. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa, nyekundu ya limau.

Nikamwaga, nikasuuza bilauri mara mbili kwa maji ya baba, nikarudia. Nyekundu. Nikachukua bilauri nyingine kabisa kabatini, ile ya wageni, nikarudia mara ya tatu. Mume wangu alikuwa ameacha kutafuna.

"Mvua ya kwanza hukuiacha ioshe bati?" baba aliuliza.

"Bati lilikuwa safi, baba."

Mume wangu akaweka muwa mezani. Akaenda nyuma, nikasikia ngazi inaegemezwa ukutani, kisha hatua zake juu ya bati. Alipita polepole, alifika ukingo wa nyuma, akasimama. Aliporudi alikuwa ameinua kidole gumba mbele yake kama mtu aliyejikata. Kilikuwa na vumbi la kijivu.

"Nilijua moshi ule unawasha," alisema. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamwambia baba yangu. "Mzee, niliujua. Ndiyo maana nililiwekea tanuru bomba refu la moshi, upite juu ya nyumba usimwingie mtoto. Nilidhani ukishapita juu umekwenda."

Bomba refu. Mnara. Nilikuwa nimeuchora ubaoni miaka sita, na ulikuwa umesimama nyuma ya jiko langu. Asidi ya betri imo ndani ya zile sahani; ukizichoma, moshi wake unabeba asidi na unabeba risasi yenyewe, na vyote viwili vilikuwa vinatua kwenye bati letu siku baada ya siku, kiangazi kizima, vikisubiri nivikinge. Mpapai ulikuwa unaniambia. Waya, shuka na bati pia.

Mume wangu akapiga hatua kwenda kwenye mkeka, mikono imetangulia.

"Nawa kwanza," baba alisema.

Hakusema kwa ukali. Lakini mume wangu alisimama palepale, akatazama mikono yake, na nikaona uso wake unavunjika. Sijawahi kumwona mwanamume yeyote akitazama mikono yake vile. Baba akamwinua mjukuu wake mwenyewe, akamfunga kwa khanga yangu, na kesho yake asubuhi mimi na baba tulikuwa naye kwenye basi la Morogoro.

Daktari wa Morogoro alikuwa mtu mzima, mpole, aliyechoka. Alimpima tumbo, akamfunua mdomo na kutazama fizi zake, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza. "Baba yake anafanya kazi gani?"

Nikamweleza, na habari ya bilauri pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema rangi ile nyekundu ilinionesha mahali moshi ulipotua, lakini kilichomwumiza mtoto zaidi si asidi, ni risasi iliyopanda nayo kwenye moshi huohuo, na asidi ikaisaidia kuyeyuka kwenye maji. Hakuwa na chombo cha kuipima katika damu. Alisema dalili zinatosha, mtoto asirudi kwenye nyumba ile, ale vizuri, anywe maziwa, na tungoje.

"Maneno yake yatarudi?" nilimwuliza.

"Mengine yatarudi," alisema. "Siwezi kukuahidi yote."

Tuliporudi, tanuru halikuwapo. Mume wangu alikuwa amelibomoa mwenyewe kwa nyundo, tofali moja moja, akalifukia na majivu yake shimoni, mbali na kisima. Madereva walikuja na betri zao mbovu, akawarudisha. Alibaki na kazi ya kuchaji tu, kwenye kibanda kipya ng'ambo ya barabara, upande ambao upepo unaondoka nyumbani. Tulipasua tangi, kwa kuwa sikuweza kulitazama. Bati za nyuma alizishusha zote. Nilimwambia mengi katika wiki zile, mengine sikustahili kuyasema, maana ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwangu. Tangu Jumapili ile hakumshika mtoto bila kunawa mpaka kwenye viwiko, na alivua nguo za kazi uani kama mtu anayetoka mazikoni.

Mtoto alikaa Ruhembe zaidi ya mwaka. Nilikwenda kila Jumamosi, nikimkuta na majivu kwenye nywele. Siku ya kwanza niliyokwenda nilipiga magoti kumwomba baba radhi, naye akaniuliza kama nimekula. Maneno ya mwanangu yalirudi, lakini yalirudi mengine, kama alivyosema daktari. Yanatoka polepole. Unamwona analitafuta neno, analikaribia, analipata. Hesabu ilimshinda. Alirudia darasa la pili, akarudia la nne, na wenzake aliozaliwa nao walimpita.

Na mimi? Mimi niliendelea kuchora mnara, na juu yake niliendelea kuandika "Ulaya". Niliongeza habari ya kuacha mvua za kwanza zioshe bati, nilisisitiza, niliwafanya waandike mara tatu. Lakini sikusema nimejulia wapi. Watoto wote wa darasa langu walijua kibanda cha fundi betri, walimjua fundi, walijua ni mume wa nani. Niliona aibu, nikaiita heshima ya nyumba.

Mwaka mwanangu alipofika darasa langu alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko wote, amekaa nyuma. Kwa sheria yetu ya shuleni aliniita Mwalimu. Nilifika kwenye somo lile, nikachora, nikaandika neno langu, nikageuka.

"Haya. Asidi ya kwenye mvua inatoka wapi?"

Mikono ikainuka. "Viwandani, Mwalimu." "Ulaya, Mwalimu." Nikawa naitikia vizuri, vizuri, nikitaka kusonga mbele, na hapo nikaona mkono wa nyuma kabisa. Alikuwa hainui mkono hata mara moja kwa wiki. Darasa likageuka kumtazama.

"Sema," nilimwambia.

Alisimama, akashika dawati. Alilitafuta neno. Nilimwona analitafuta na nilijua ni lipi, na sehemu ya moyo wangu, Mungu anisamehe, ilitaka asilipate. Mtoto mmoja akaanza kucheka.

"Kwetu," alisema.

"Kwetu wapi?" Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Kwetu nyumbani, Mwalimu. Nyuma pale. Baba alilivunja." Akapumzika, akatafuta tena. "Mimi niliyanywa."

Aliyekuwa anacheka akainamia daftari lake. Nilimtazama mwanangu, naye alikuwa ananitazama bila lawama yoyote, anasubiri tu kuambiwa kama amepata.

"Umepata," nilisema.

Nikageuka ubaoni, nikafuta neno Ulaya kwa kiganja, na mnara wake. Mahali pake nikachora nyumba yetu, yenye gata na tangi, na nyuma yake tanuru. Kisha nikamwita aje mbele awaoneshe wenzake bati la upande wa tanuru. Alikuja, akachukua chaki nyekundu mkononi mwangu, akalipaka lote.